Barua ya wazi kutoka Lamu kwa uongozi wa SPLM na Bunge la Mpito la Sudan Kusini

Kwa:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama tawala cha SPLM,
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Mpito la Taifa,
Waheshimiwa Wabunge wote,
Juba, Jamhuri ya Sudan Kusini.

KUH: KURA YA WANANCHI INAYOAHIRISHWA TANGU 2015

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na kuwatakia afya njema, nawaandikia kutoka Lamu, mji ambao jina lake limefungamanishwa na jina la nchi yenu katika mradi mmoja. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Salva Kiir Mayardit alifika huku pamoja na Rais Mwai Kibaki wa Kenya na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, wakazindua ujenzi wa bandari na njia ya uchukuzi inayojulikana kama LAPSSET. Jamhuri ya Sudan Kusini ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja, nayo ilikuwa imesimamisha uchimbaji wa mafuta Januari ya mwaka huo kwa sababu ya mzozo na Khartoum juu ya ada za kupitisha mafuta hayo. Tuliambiwa kwamba mafuta yangeletwa kwa bomba jipya hadi pwani yetu, na kwamba hasara itakayowapata wavuvi wa Lamu, Pate na visiwa vya jirani ingefidiwa na neema itakayofuata.

Mkondo wa Ghuba ya Manda ukachimbwa, mikoko ikakatwa, na mahali ambapo wavuvi wadogo walizoea kutega na kutupa nyavu pakavurugwa. Wavuvi walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ilianza kazi Mei 2021. Bomba kutoka Sudan Kusini halijajengwa. Sisemi kwamba kosa ni lenu peke yenu, kwa kuwa serikali yetu nayo ina mengi ya kujibu na tunaiuliza kila tunapopata nafasi. Lakini mtu aliyeambiwa atoe bahari yake kwa ajili ya ahadi ya nchi jirani ana haki ya kutazama jinsi nchi hiyo inavyoendeshwa, na nani ndani yake anaweza kuihoji serikali kuhusu ahadi ilizotoa.

Haya niliyaeleza kwanza kwa faragha, kwa lugha ya adabu, kupitia ofisi ambazo kazi yake ni kuyafikisha. Hakuna aliyejibu, wala aliyenithibitishia kwamba barua imefika. Ndiyo sababu naandika hadharani, na kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wenu mliijua mlipoishi nasi Nairobi, Nakuru na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Nisieleweke kwamba naidharau historia ya chama chenu. SPLM na jeshi lake walianza mapambano mwaka 1983, mwezi Mei, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wa Sudan Kusini walilipa gharama ambayo sisi wa huku tuliishuhudia kwa macho: ndege za misaada zikiruka kutoka Lokichoggio, na watoto waliotembea kwa miguu nchi baada ya nchi mpaka wakapokewa Kakuma mwaka 1992. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002, mazungumzo ya Naivasha, na Mkataba wa Amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 ni sehemu ya historia ya Kenya pia. Dakta John Garang, kiongozi wa SPLM, aliweka saini yake mbele ya umati katika Uwanja wa Nyayo, na miezi michache baadaye, mwishoni mwa Julai, akafariki. Kwa kuwa naiheshimu historia hiyo, nauliza kwa nini watu waliopiganiwa hawajapewa nafasi ya kuwachagua wabunge wao tangu nchi yao ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011.

1. Bunge lenu limekua kwa uteuzi, halikukua kwa kura.

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua hii, na naomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu. Mara ya mwisho kwa watu wa Sudan Kusini kuchagua wabunge ilikuwa Aprili 2010, nchi ingali sehemu ya Sudan, na Bunge la Kusini wakati huo lilikuwa na viti 170. Uhuru ulipokuja, Bunge likafika wajumbe 332: waliokuwa wamechaguliwa waliongezewa wale waliorudi kutoka Bunge la Khartoum, na wengine 66 wakateuliwa. Mkataba wa amani wa 2015 ukalifikisha 400. Mkataba wa Septemba 2018 ukalifikisha 550, kwa mgawanyo wa viti 332 kwa serikali iliyokuwapo, 128 kwa SPLM-IO (upande wa upinzani wa Dakta Riek Machar), 50 kwa muungano wa upinzani wa SSOA, 30 kwa vyama vingine na 10 kwa wale waliojulikana kama wafungwa wa zamani wa kisiasa. Bunge la zamani lilivunjwa kwa amri ya Rais Mei 2021, na baada ya siku mbili majina ya wajumbe wapya yakatangazwa, kwa amri vilevile.

Nchi yangu ilihesabu watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, na Bunge lake la Taifa lina wabunge 349 pamoja na Spika. Ninyi mna wajumbe 550 kwa taifa ambalo sensa yake ya mwisho, ya mwaka 2008, ilihesabu watu milioni 8.26. Nisingelalamika juu ya wingi huo kama kila mmoja wao angekuwa na jimbo linaloweza kumwondoa. Lakini mjumbe anayeingia kwa orodha ya chama na amri ya Rais anajua kwamba atatoka kwa njia hiyo hiyo, na imetokea mara nyingi kwamba wajumbe wameondolewa na wengine kuwekwa kwa tangazo linalosomwa katika televisheni ya taifa. Mtu wa namna hiyo anawezaje kusimama bungeni akamhoji waziri wa chama chake kuhusu shehena ya mafuta iliyouzwa, au kuhusu askari waliochoma kijiji? Wapo wajumbe waliothubutu, na nawaheshimu kwa dhati; ila nchi haiwezi kutegemea ushujaa wa mtu mmoja mmoja mahali ambapo ingepaswa kutegemea sheria.

Naelewa kwamba mgawanyo wa viti ulikuwa bei ya kusimamisha vita vya ndani vilivyoanza Desemba 2013, na asiyeishi vitani hana haki ya kuibeza bei hiyo. Lakini mpango huo ulikusudiwa uwe wa mpito. Mpito uliotarajiwa kuchukua miezi 36 kuanzia Februari 2020 sasa umesogezwa hadi Februari 2027.

2. Wanaoongeza muda ndio wanaofaidika na muda huo.

Uchaguzi ulipaswa kufanyika mwaka 2015. Machi ya mwaka huo Bunge likapiga kura kurefusha muda wa Rais na wa Bunge lenyewe hadi Julai 2018. Julai 2018 likarefusha tena, hadi 2021. Baada ya serikali ya mpito kuundwa, pande zilizotia saini zikaongeza miezi 24 mnamo Agosti 2022, uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba 2024. Kisha Septemba 2024, uchaguzi ukiwa umebakiza miezi mitatu, ukasogezwa tena hadi tarehe 22 Desemba 2026. Katika mashauri ya kawaida mtu haruhusiwi kuwa mdaiwa na kadhi kwa wakati mmoja, na hapa ndivyo ilivyokuwa kila mara: wenye viti ndio waliokaa kuamua kama viti vyao vimekwisha muda.

Kijana aliyezaliwa mwaka 1992, wakati kambi ya Kakuma inafunguliwa, alikuwa amefikia umri wa kupiga kura ya maoni ya uhuru Januari 2011. Mdogo wake aliyezaliwa mwaka mmoja au miwili baadaye hajawahi kupiga kura yoyote, hata ya kuchagua diwani.

3. Hesabu za mafuta hazifiki kwa wenye mafuta.

Miezi miwili baada ya sherehe ya Lamu, Mei 2012, Rais Kiir mwenyewe aliwaandikia maafisa 75, waliokuwa kazini na waliokwisha kuondoka, akiwaomba warudishe fedha za umma zinazokadiriwa kuwa dola bilioni 4. Nilipoisoma habari hiyo nilifarijika, kwa sababu ni viongozi wachache wa kanda yetu waliowahi kukiri jambo la namna hiyo kwa maandishi. Nilitarajia Bunge lichukue barua ile liifanyie kazi, liite watu, lichapishe majina na kiasi kilichorudi. Mwaka 2018, mwaka ambao Bunge lilirefusha muda wa Rais kwa miaka mitatu, taarifa zilizotoka Juba zilisema kwamba wabunge 400 walikopeshwa dola 40,000 kila mmoja kwa ajili ya magari. Msimamizi wa matumizi akikopeshwa na yule anayemsimamia, hata kama kila senti imetolewa kihalali, wananchi watawaza nini?

Kisha kuna suala linalotugusa moja kwa moja sisi tulio mwisho wa barabara. Septemba 2025 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu nchini Sudan Kusini ilieleza kwamba kati ya takriban dola bilioni 2.2 zilizolipwa tangu 2021 hadi 2024 katika mpango wa kubadilisha mafuta kwa barabara, kiasi cha dola bilioni 1.7 hakikuonekana katika barabara zozote. Serikali yenu ilizikana tuhuma hizo, na ni haki yake kujitetea. Mahali pa kujitetea ni mbele ya Bunge, kwa mikataba, stakabadhi na ramani ya kila kilomita iliyojengwa, ili anayesema uongo ajulikane. Barabara hizo ndizo ambazo siku moja zingekutana na ya kwetu inayotoka bandarini kuelekea Garissa na Isiolo.

Februari 2024 bomba linalopeleka sehemu kubwa ya mafuta yenu Port Sudan lilipasuka katikati ya vita vya Sudan, na nchi ikapoteza chanzo kikuu cha mapato. Walimu, wauguzi na askari wakakaa miezi mingi bila mshahara. Serikali inayotegemea mafuta kwa karibu mapato yake yote ilijua tangu 2012 kwamba njia moja ya kuuza haitoshi, na kwa sababu hiyo hasa Rais alikuja Lamu. Bunge lililochaguliwa lingeuliza, mwaka baada ya mwaka, njia ya pili imefikia wapi. Sijasikia mjadala wa namna hiyo Juba, wala sijasikia mtu akiitwa kuueleza umma kwa nini ahadi iliyotolewa Lamu imekwama.

4. Sheria ya usalama.

Julai 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ambayo yaliibakishia idara hiyo uwezo wa kumkamata mtu bila hati ya mahakama katika mazingira fulani, na mwezi uliofuata yakawa sheria bila saini ya Rais kwa kuwa siku 30 zilikuwa zimepita. Chama kilichoingia msituni kupinga dola iliyokamata watu usiku hakihitaji kuelezwa na mtu wa Lamu ubaya wa jambo hili.

5. Ugomvi wa ndani ya chama umekuwa vita vya nchi nzima.

Julai 2013 Rais alimwondoa Makamu wake, Dakta Riek Machar, pamoja na baraza zima la mawaziri. Desemba ya mwaka huo Baraza la Ukombozi la chama likakutana Juba, na kabla kikao hakijapoa risasi zikaanza kulia mjini tarehe 15. Waliokufa miaka iliyofuata ni mamia ya maelfu, na zaidi ya watu milioni mbili wakawa wakimbizi katika nchi za jirani. Januari 2015, Arusha, mbele ya wenyeji wenu wa Chama cha Mapinduzi, makundi ya SPLM yalitia saini makubaliano ya kuungana tena. Hayakudumu. Machi 2025 Dakta Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akafunguliwa mashitaka mazito. Kama ana hatia au hana, hilo ni la mahakama na mimi siliingilii. Ninachosema ni kwamba katika kila hatua ya mgogoro huu Bunge lilikuwapo na halikuwa na uzito wa kuuzuia, kwa sababu wajumbe wake walikuwa wa upande huu au upande ule kabla ya kuwa wa wananchi.

Nazijua hoja zitakazotolewa, na naomba nizijibu mapema.

Itasemwa kwamba usalama hauruhusu, kwamba katiba ya kudumu haijakamilika, kwamba sensa haijafanyika na majeshi hayajaunganishwa. Kila moja ni kazi ambayo serikali hiyo hiyo ilijiwekea kwa mkataba na haikuimaliza. Haifai kazi isiyofanywa iwe kinga ya asiyeifanya. Aidha, Januari 2011 mliendesha kura ya maoni katika nchi ambayo karibu haikuwa na barabara za lami nje ya Juba, yenye wapiga kura wengi ambao hawakuwahi kushika karatasi ya kura kabla ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya watu milioni 3.7, sawa na asilimia 98.83 ya waliopiga kura, wakachagua uhuru. Watu walilala kwenye foleni. Hakuna aliyesema siku ile kwamba hawako tayari.

Itasemwa kwamba waliopigana ndio wenye haki ya kuongoza. Hoja hii naichukulia kwa uzito kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu waliozika ndugu zao, na kwa sababu ndiyo iliyojificha nyuma ya hoja nyingine zote. Lakini tazameni jirani zenu. African National Congress ya Afrika Kusini iliongoza mapambano ya miongo mingi, na katika uchaguzi wa Mei 2024 ikapata viti 159 kati ya 400. Ikakubali, ikaunda serikali na vyama vilivyoipinga, na heshima ya Nelson Mandela haikupungua hata chembe. UNIP ya Kenneth Kaunda ilishindwa Zambia mwaka 1991, na mzee yule akaondoka kwa amani, akazikwa mwaka 2021 kwa heshima zote za taifa. Hapa Kenya, KANU, chama kilichopokea bendera ya uhuru, kilishindwa Desemba 2002, na serikali mpya ikaendelea kuwapokea ninyi mezani Naivasha bila kukosa. Katiba yenu ya mpito ya 2011 inasema mamlaka ni ya wananchi. Haisemi kwamba ni ya waliopigana kwa niaba yao.

Mwisho itasemwa kwamba haya ni mambo ya ndani na mtu wa Lamu hayamhusu. Sudan Kusini ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kwa mkataba unaotaja utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria kuwa misingi ya jumuiya hiyo. Pia, waheshimiwa, mlikuja hapa wenyewe mkaweka ahadi katika ardhi na bahari yetu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima na kwa msisitizo.

Kwanza, uchaguzi wa tarehe 22 Desemba 2026 ufanyike, na Bunge likatae hoja yoyote ya kuusogeza tena, hata ikiletwa na Ofisi ya Rais yenyewe. Pili, kuanzia leo hadi siku hiyo pasiwe na mjumbe anayeondolewa wala kuingizwa kwa amri, isipokuwa kujaza nafasi ya aliyefariki au aliyejiuzulu kwa hiari. Tatu, SPLM itamke kwa maandishi, kabla ya kampeni, kwamba itayakubali matokeo hata ikishindwa, na iwatake makamanda wa jeshi wasikilizwe wakiahidi hivyo hadharani. Nne, hesabu za mauzo ya mafuta na za mpango wa barabara zilizotajwa na Tume ziwekwe mezani pa Bunge katika kikao cha wazi, na vifungu vya kukamata watu bila hati vifutwe.

Tano, mkataba wowote utakaohusu bomba la kuja Lamu usitiwe saini na serikali ya mpito. Ungojee Bunge lililochaguliwa, ujadiliwe humo kwa uwazi, na wawakilishi wa wavuvi wa Lamu waalikwe kusikilizwa kabla haujapitishwa, kwa sababu safari ya kwanza hawakuulizwa.

Sita, wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Kakuma na kwingineko waandikishwe wapige kura, kama Wasudan Kusini waliokuwa Kenya walivyopiga kura ya maoni mwaka 2011. Serikali ya Kenya nayo naiomba, kwa barua hii hii, itoe vituo na ulinzi kwa kazi hiyo.

Nasubiri majibu yenu, nami niko tayari kuyachapisha kama yatakavyoandikwa, bila kuondoa neno.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Langoni,
Mji wa Kale, Lamu.

Nakala:
Katibu Mkuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha
Katibu Mtendaji, IGAD, Djibouti
Spika wa Bunge la Taifa, Nairobi